Tunapigia Picha Mlango, na Nyumba Je?



Shaaban ikikaribia cherahani zetu hazilali, maana kila mtu anataka aolewe kabla ya Ramadhani. Nguo ikishatoka dukani kwetu tunaiona tena kwenye simu: biharusi amesimama mbele ya mlango wa nakshi Mji Mkongwe, mkia wa gauni umetandazwa ngazini, hina imekolea, watu wanaandika mashaAllah. Na sisi tunaandika mashaAllah. Halafu tunaikuza picha kuangalia pindo limekaa vipi, na hapo ndipo tunapoona vitu vyengine. Lipu imebanduka. Mti umeota ukutani juu ya dirisha. Boriti imechungulia nje, imeoza. Wapiga picha wa siku hizi ni hodari, wanajua kuikata picha mpaka hayo yote yasionekane.

Leo tunataka kuzungumza juu ya hicho kinachokatwa. Mwaka huu, humu humu dukani, tumesikia mara mbili mama akimwambia binti yake kwamba kusomea majengo si kazi ya mtoto wa kike, na kusomea majengo ya kale ndiyo kabisa kuitupa ada baharini. Sisi tunasema sivyo. Na badala ya kubishana kwa maneno matupu tunamleta shahidi. Ni mwanamke wa Kiislamu wa Pakistan, ameshapita miaka 80, anaitwa Yasmeen Lari.

Bi Yasmeen alizaliwa mwaka 1941 Dera Ghazi Khan, wakati Pakistan haijawa nchi. Baba yake alikuwa ofisa mkubwa wa serikali aliyeshughulika na kuendeleza mji wa Lahore, kwa hivyo habari za nyumba na barabara alizisikia tangu mdogo. Akiwa na miaka 15 alikwenda Uingereza. Alipoomba kusomea usanifu wa majengo alikataliwa, kwa kuwa hakujua kuchora. Basi akakaa miaka miwili akisoma sanaa, akajifunza kuchora, akarudi kuomba tena, na skuli ya usanifu ya Oxford ikamchukua. Alimaliza mwaka 1963, akarudi kwao, akafungua ofisi Karachi. Ndiye anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza msanifu majengo Pakistan. Mafundi walimjaribu, kama mafundi wanavyomjaribu mwanamke yeyote anayewaambia ukuta umekwenda upande. Hakukimbia.

Tuseme na ukweli mwengine, maana tunajua mtatuambia. Alikuwa na baba mwenye cheo na mume aliyesimama naye. Si kila binti wa Kwahani au wa Wete ana bahati hiyo. Lakini cheo cha baba hakikuchorei mstari, na miaka miwili ya kujifunza kuchora baada ya kukataliwa aliikaa mwenyewe.

Miaka ya 70 alipewa kazi ya kujenga nyumba za watu wa kipato kidogo Lahore, mahala panapoitwa Angoori Bagh. Akakaa na wanawake watakaohamia, akawauliza wanataka nini. Wakamuuliza: kuku wetu tutawaweka wapi? Akazipanga nyumba zile ziwe na sehemu za wazi juu, ili mama awe na pahala pa kuku wake na mboga zake. Tulicheka sana tulipoisikia hadithi hii, kwa sababu ndilo swali ambalo bibi yeyote wa Michenzani angeliuliza kabla ya kupewa funguo za ghorofa.

Baadaye alijenga majumba makubwa ya ofisi na hoteli Karachi, ya zege na vioo, akapata jina. Hayo hatuyasemi sana. Kinachotuvuta ni kwamba mwaka 1980, akiwa bado na ofisi yake kubwa, yeye na mumewe, Suhail Zaheer Lari, mtu wa historia, walianzisha taasisi ya kuhifadhi turathi za Pakistan, Heritage Foundation. Mwaka 2000 aliacha kabisa kazi ya ofisi, akabaki na hiyo.

Kazi ya mwanzo ya mhifadhi wala si kujenga. Ni kupita mtaa kwa mtaa kupima, kuchora, kupiga picha na kuandika: nyumba hii ya nani, ya lini, kuta zake za mawe gani, dari ya mti gani. Sisi wa cherahani hili tunalielewa vizuri kuliko mnavyodhani. Ukiletewa gauni la bibi la miaka 50 iliyopita ulirekebishe limtoshe mjukuu, hukimbilii mkasi. Unaligeuza ndani nje. Unatazama mshono umepita wapi, uzi gani umetumika, fundi aliacha akiba kiasi gani pembeni. Ukikata kabla ya kusoma, umeshaliharibu, na hakuna duka linalouza kitambaa kile tena.

Bi Yasmeen alisoma miji namna hiyo. Mwaka 1989 alitoa kitabu juu ya majengo ya jadi ya Thatta, mji wa kale wa Sindh. Mwaka 1996, pamoja na mwanawe, alitoa kitabu kinachoeleza Karachi ya zama za Mwingereza. Taasisi yake ikayaandika majengo ya zamani ya Karachi moja moja, na mkoa wa Sindh ulipopitisha sheria ya kulinda turathi mwaka 1994, mamia ya majengo yakawekwa chini ya ulinzi huo. Maana yake ni kwamba mwenye fedha akitaka kuvunja ajenge ghorofa la maduka, kuna karatasi inayomuuliza. Karatasi hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Kuna watu waliopita juani na kamba ya kupimia.

Kisha ikaja kazi ya Ngome ya Lahore. Ngome hiyo na bustani za Shalimar ziliingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2000 zikawekwa kwenye orodha ya zilizo hatarini. Ndani ya ngome mna Shish Mahal, kasri ya vioo iliyojengwa zama za Shah Jahan, miaka ya 1630, yenye dari na kuta zilizojazwa vipande vidogo vidogo vya vioo. Mabiharusi wanaopenda nguo za vioo wangelia kuiona. Bi Yasmeen aliifanyia kazi kama mshauri wa UNESCO. Ngome ilitoka kwenye orodha ya hatari mwaka 2012, baada ya jitihada za wengi.

Katika kazi za namna hii ndipo alipozama kwenye chokaa, na hapa tunaomba mtuvumilie tukae kidogo.

Nyumba zetu za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe, udongo, chokaa na boriti za mikoko. Chokaa chenyewe kilichomwa hapa hapa kwa mawe ya baharini juu ya kuni. Ukuta wa namna hiyo ni kama pamba: unavuta unyevu na unautoa. Mvua za masika zikipiga, ukuta unalowa; jua likitoka, unakauka. Saruji ni kama ile poliesta tunayowakatazeni kila siku msiivae kwenye harusi ya Januari. Inang'aa, rahisi kupatikana, na jasho linabaki ndani. Ukuta wa matumbawe ukipigwa lipu ya saruji, maji yanayoingia kwa juu hayana pa kutokea. Chumvi inasukuma, ukuta unaoza ndani kwa ndani, na vichwa vya boriti vinaoza pamoja nao. Kwa nje unaona nyumba imekarabatiwa. Siku moja inaporomoka.

Tunaishi kisiwa ambacho hili si hadithi ya vitabuni. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafariki. Allah awarehemu. Hilo ni jumba linalojulikana dunia nzima. Nyumba za vichochoroni zinazoanguka usiku wa mvua hazitangazwi na mtu.

Sasa tuje kwenye hoja inayotuuma zaidi, ile tunayoisikia hata kwa watu wa dini: kwamba kuhangaikia majumba ya kale ni israfu na ni kuwafurahisha watalii, na masikini hana pa kulala. Hoja hii ina uzito na hatutaipuuza. Anayelala chini ya bati linalovuja ana haki kuliko nakshi yoyote.

Lakini tazameni maisha ya Bi Yasmeen yalikwenda wapi. Oktoba 2005 tetemeko lilipiga kaskazini mwa Pakistan na Kashmir, zaidi ya watu 70,000 wakafa. Alikuwa ameshastaafu. Akapanda milimani. Kule akakuta misaada inaleta mabati na saruji kutoka mbali, na kila familia imekaa juu ya kifusi cha nyumba yake yenyewe: mawe, udongo, mbao. Akawaonyesha namna ya kujenga tena kwa vile vile walivyokuwa navyo, kwa mawe na udongo uliochanganywa na chokaa na mbao za kushikilia. Yaani elimu aliyoipata kwa kuhifadhi majumba ya wafalme ndiyo iliyomwezesha kumjengea mjane wa mlimani. Asingelijua chokaa, angeliwapelekea nini zaidi ya ramani ya nyumba ya saruji wasiyoweza kuinunua?

Mwaka 2010 yakaja mafuriko yaliyowakumba watu kiasi cha milioni 20. Akatumia mianzi, udongo na chokaa, akajenga nyumba nyepesi na vituo vya wanawake vilivyonyanyuliwa juu ya nguzo, ili maji yapite chini na wanawake na watoto wawe na pa kukimbilia. Mafuriko ya 2022 yalipokuja alikuwa na zaidi ya miaka 80, na bado alikuwa mbele akifundisha watu kujenga.

Na kuna jiko. Katika vijiji vya Sindh mama alikuwa akipika chini, moto wazi, moshi machoni, mtoto anatambaa pembeni, na mafuriko yakija jiko ni la kwanza kuzama. Bi Yasmeen akabuni jiko la udongo na chokaa lililojengwa juu ya jukwaa, lenye bomba la kutolea moshi. Mama anakaa juu, safi, amenyooka. Wanawake wa vijijini wenyewe wakafundishwa kulijenga, wakawa mafundi, wakaenda kijiji hadi kijiji kuwajengea wenzao na kulipwa. Wanayapamba majiko yao kwa maua na ndege wa udongo, kila mmoja lake. Yamejengwa makumi ya maelfu, na mwaka 2018 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Makazi Duniani. Sisi tuliokulia jikoni kwenye moshi wa makumbi na kuni za mkarafuu hatuhitaji kuelezwa tuzo ile ilikuwa ya nini.

Pale Makli, karibu na Thatta, penye moja ya maeneo makubwa kabisa ya makaburi ya kale duniani, taasisi yake ilifanya kazi ya kuyatengeneza makaburi yaliyokuwa yakibomoka. Vijiji vya jirani vilikuwa na watu waliozoea kuomba kwa wanaokuja kuzuru. Akawafundisha kutengeneza vigae vya rangi, sanaa ya zamani ya eneo lile, wauze. Msimamo wake juu ya misaada ni mkali: hapendi kumpa mtu kitu bure akabaki kungojea kingine. Hapa sisi hatuko naye moja kwa moja. Sadaka ina pahala pake, na kuna mzee ambaye hawezi tena kushika udongo, huyo apewe tu. Lakini kwa mwanamke mwenye nguvu zake, tunajua kwa miaka yetu ya biashara kwamba cherahani moja na miezi sita ya kufundishwa inamfikisha mbali kuliko mchele wa kila Ramadhani.

Uingereza ilimpa Medali ya Dhahabu ya wasanifu mwaka 2023. Mwaka 2025 akapewa tuzo nyengine, ya Wolf, inayotolewa Israel, akaikataa kwa sababu ya yanayowapata watu wa Gaza. Mama huyo.

Turudi kwetu. Kwa nini nyumba zetu zinabomoka? Nyengine ni za serikali na zina hadithi yao. Lakini nyingi ni zetu wenyewe, na ugonjwa wake tunaujua: marehemu ameacha nyumba, warithi ni 14, wanne wako Muscat, watatu Dubai, mmoja London, mirathi haijagawiwa tangu babu alipofariki. Kila mmoja anataka sehemu yake na hakuna anayetaka kununua gunia la chokaa. Mmoja wetu hapa dukani ana nyumba ya ukoo ya namna hiyo Kiponda. Ghorofa ya juu haipandiki. Mwaka jana ndugu walikusanya fedha, wakaita fundi wa jirani, akapiga saruji ukuta wote wa mbele, ukapakwa rangi ya maziwa, watu wakapongezana. Mvua za masika za mwaka huu ukuta umetokwa na malengelenge kama mwenye tetekuwanga. Hakuna katika ukoo mzima aliyejua kuuliza, na fundi mwenyewe hakufundishwa.

Hilo ndilo pengo. Kisiwa kizima kimejaa nyumba za chokaa, tangu mwaka 2000 Mji Mkongwe ni Urithi wa Dunia, Mamlaka ya Hifadhi ipo tangu 1985, na bado ukitafuta fundi wa chokaa wa kuaminika unapewa jina la mzee mmoja, na ukifika unaambiwa anaumwa. Ujuzi huu unakufa na wazee, na vijana wa kiume wanakimbilia saruji kwa kuwa inakauka upesi na inalipa upesi. Basi kwa nini asiuchukue mtoto wa kike? Kupima, kuchora, kuandika, kuchanganya chokaa na kukiacha kiive, kutengeneza zidaka na nakshi za plasta: kazi hizi zinataka subira na mkono mwepesi. Mwenye kujua kutia shanga 3,000 kwenye kifua cha gauni hashindwi na ukuta.

Mtatuambia stara. Tunaiheshimu hoja, na sisi ni watu wa stara kwa biashara na kwa imani. Lakini ndani ya nyumba za zamani sehemu kubwa ilikuwa ya wanawake. Nani ana haki zaidi ya kuingia humo kupima na kutengeneza, huku mama mwenye nyumba akiwemo na watoto wake, kuliko fundi wa kike? Leo familia inaahirisha matengenezo miezi kwa kuona haya kuingiza mafundi wanaume watano ndani. Mama aliyekuwa dukani kwetu alisema binti atakosa mume. Sisi tunashona nguo za harusi. Tumewashonea wahasibu, madaktari, mapolisi. Hatujaona bado aliyekosa mume kwa sababu ya kazi ya halali.

Na nyinyi mabiharusi. Studio inalipwa, mpambaji analipwa, anayekodisha gari la kizamani analipwa. Nyumba iliyokupa mlango wake mara nyingi hailipwi chochote, au analipwa kijana aliyekaa barazani. Tumekubaliana hapa dukani kwamba kuanzia Mfunguo Mosi, kila biharusi atakayetwambia anapiga picha Mji Mkongwe tutamuuliza nyumba hiyo ni ya nani, nani anaishi ndani, na atawaachia nini. Bei ya mita moja ya lesi inatosha kuanzia. Na kama yuko binti anayetaka kusomea kazi hii na anahitaji mtu wa kwenda kuzungumza na mama yake, aje dukani baada ya Alasiri. Tutafunga mapema siku hiyo, twende naye.